Dda Mouhoub na Kipindi cha Thelathini

Tarehe 30 Juni, Mouhoub Aït Ouaret, fundi umeme wa Makazi ya Wanafunzi ya Ighil Azemmour, Bejaia, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Utawala umemwandalia cheti na saa ya ukutani. Sisi, Kamati ya Wakazi, tunamwandalia kitu ambacho utawala huo haujawahi kumpa mtu yeyote, nacho ni ukweli.

Alifika hapa kijana, bisibisi mfukoni, wakati jengo la kwanza halijapakwa rangi. Rangi hiyo tunaidai hadi leo. Ni yeye aliyewasha kila taa inayowaka hapa, na ni yeye aliyewahi kuyafanya maji ya moto yatoke wiki mbili mfululizo, tukio ambalo wahitimu wa zamani bado hulisimulia kwa sauti ya chini. Vizazi vya wanamgomo vilivyowabandika wakurugenzi majina yasiyochapika vilimwita yeye Dda, kama aitwavyo kaka mkubwa wa nyumba, na havikumwita vinginevyo.

Lakini historia itamkumbuka kwa sababu ya dishi.

Wenzetu wa mwaka wa kwanza waelewe tulikotoka. Satelaiti hutuma chaneli zake kwa mawimbi ya namna mbili: mengine husimama wima, mengine hulala. Dishi letu lilikuwa na kichwa kimoja, na kichwa hicho kilipokea namna moja tu kwa wakati mmoja. Mtu akibonyeza rimoti ukumbini, akahama kutoka chaneli ya wima kwenda ya mlalo, makazi yote yalihama naye, pamoja na nyumba ndogo iliyo kando ya lango anamoishi Dda Mouhoub na mkewe Tassadit, tunayemwita Nna, kama aitwavyo dada mkubwa. Je, watu huru wangeivumilia hali hiyo bila kuunda vyama? Vikaundwa viwili. Chama cha Wima kilitetea vichekesho na mpira. Chama cha Mlalo kilitetea tamthilia. Palikuwa na kampeni, palikuwa na usaliti, na wako marafiki waliogawana chumba kwa mstari wa chaki.

Amani ililetwa na Mkataba wa Ukumbini. Katika Ramadhani, saa ya tamthilia baada ya futari ingekuwa ya Mlalo, isipokuwa usiku wa mwisho wa mwezi, ambao ungeamuliwa kwa kura. Wima hawajawahi kushindwa kura hiyo. Wapenzi wa tamthilia ni watu wanaopenda familia zao, na watu wanaopenda familia zao huwa wamekwisha kupanda basi kwenda kwao kwa Idi.

Gharama ya demokrasia hiyo ilimwangukia mtu mmoja. Kwa miaka yote hiyo Nna Tassadit ametazama vipindi ishirini na tisa vya kila tamthilia ya Ramadhani, kimoja kila usiku, na cha thelathini, cha usiku wa kura, hajakiona hata mara moja. Saa ilipofika, kioo chake kilikuwa cheusi. Mwingine angelia, yeye alitunga. Kila siku ya pili ya Idi aliketi dirishani na sinia la keki za lozi, akatusimulia jinsi mambo yalivyokwisha, bila kusita, kana kwamba ameyaona. Katika miisho yake, wanyang'anyi wa urithi hung'oka meno yote mbele ya hakimu, na mama wakwe wakorofi hulazwa chumba kimoja hospitalini, wasiruhusiwe kutoka. Waliokwisha kutazama mwisho halisi makwao walikuja kumsikiliza, wakaondoka wakiamini kwamba makwao walidanganywa.

Hata hivyo alitamani kuuona mwisho mmoja wa kweli, na mumewe alimwahidi kwamba atauona kabla hajastaafu.

Dawa ilikuwepo: kichwa chenye matundu mawili, kila waya uchague upande wake. Utawala ulikinunua miaka sita iliyopita, nasi tukakikataa. Tulikuwa tumedai dishi jipya, maji ya moto na kufukuzwa kwa mpishi, na wapigania haki hawapokei robo ya haki. Azimio lilipita kwa kauli moja, Wima na Mlalo bega kwa bega, mara ya kwanza na ya mwisho. Kichwa kikalala stoo.

Ramadhani ya mwaka huu, siku chache kabla ya Idi, tuliamka tukakuta lango limefungwa mnyororo. Kufunga lango ni silaha yetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyelifunga. Dda Mouhoub alikuwa ameketi mbele yake juu ya debe la rangi. Mwenyekiti wetu, Hacène, alimuuliza kwa heshima zote ni chombo gani kilichoidhinisha kitendo hicho.

"Miaka yote nimekata minyororo yenu baada ya migomo yenu," alisema Dda Mouhoub. "Huu ni mgomo wangu. Nataka kurekodi chaneli moja huku natazama nyingine, nyumbani kwangu, ili mke wangu aone mwisho wa kitu."

Hacène alimkumbusha kwamba mkutano mkuu ulikwisha kuamua.

"Basi vunja mgomo, mwanangu. Mnyororo huo hapo."

Hacène aliutazama mnyororo, kisha akatutazama sisi. Hatujawahi kuvunja mgomo, na hatukuwa tayari kuanza na huo. Muda si mrefu tulikuwa tumeketi chini kando yake, tukiimba dhidi yetu wenyewe. Tulijipa hadi jioni kuyatimiza madai. Jioni tulisalimu amri, tukajitangazia ushindi.

Usiku wa mwisho wa Ramadhani nyaya mbili ziliingia katika nyumba ya langoni, ule wa Wima ukiwa wa pamoja na ukumbi. King'amuzi kimoja kilionyesha kichekesho, na hapo ndipo tulipogundua kwamba Dda Mouhoub ni Wima wa kufa na kupona. Cha pili kilirekodi tamthilia kwenye flashi, huku Nna Tassadit akikanda unga wa keki na kukiuliza kila mara kama kinakumbuka kazi yake.

Siku ya pili ya Idi televisheni iliwekwa dirishani, tukajazana uani. Katika kipindi cha thelathini, binti aliyedhulumiwa alimsamehe ami yake aliyemnyang'anya urithi, akamkumbatia mama mkwe, wote wakala meza moja. Muziki ukapigwa. Nna Tassadit alikaa akikitazama kioo. Mumewe hakuthubutu kumgeukia.

"Aliyeandika hiki," akasema hatimaye, "hakutazama vile ishirini na tisa."

Akaizima televisheni, akavuta sinia, akaanza upya. Ami yake yule binti alipofika mbele ya hakimu, meno yakaanza kung'oka, na Dda Mouhoub akacheka kuliko alivyocheka usiku wa kichekesho.

Sasa wanahamia kijijini kwao, mlimani. Mkutano mkuu umeazimia wachukue kile kichwa cha matundu mawili. Sisi tutarudi kwenye kile cha tundu moja na kwenye kura, maana uhuru usiogombewa huoza. Asante, Dda, kwa taa, kwa wiki mbili za maji ya moto, na kwa mgomo pekee uliowahi kutushinda. Tunawatakia, wewe na Nna Tassadit, vipindi ishirini na tisa vya heri na afya. Cha thelathini tunamwachia yeye.