Kibanio cha Mwisho cha Sista Verna

Ijumaa, tarehe 28 Juni, Sista Verna Hrynkiw anavua kitambulisho chake baada ya kuitumikia zahanati yetu ya Brenholm kwa miaka thelathini na minne. Aliripoti kazini mwezi Machi, wiki ambayo theluji ilifunga barabara siku tatu. Siku ya nne alifika juu ya trekta la jirani, viatu vya kazi mkononi, akauliza nani hajapimwa presha. Mimi Lorne, ambaye leo ni dereva wa zahanati, nilikuwa nimekuja kuzoa theluji mlangoni tu. Nikawa wa kwanza.

Kwenye karatasi alikuwa muuguzi wa jamii. Kwa vitendo, kazi yake ilikuwa kuwasumbua watu wazima wasioumwa. Mezani pake kuna kasha la mbao ambalo mama yake aliwekea kadi za mapishi. Sista alilijaza kadi za wakazi, kila mmoja na vipimo vyake na tarehe zake. Aliyepitisha tarehe, kadi yake ilibanwa kwa kibanio chekundu cha nguo. Kompyuta zilipokuja alizitumia vizuri kutushinda sote, ila kasha halikuondoka.

Ndiye aliyehangaika miaka sita mpaka basi la kupimia saratani ya matiti likaanza kuja Brenholm mara mbili kwa mwaka. Siku ya kwanza walijitokeza wanawake tisa. Akaenda jikoni kwenye ukumbi wa kanisa, walikokuwa wakikunja perogi, vitumbua vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, za chakula cha pamoja, akawaambia unga unaweza kusubiri, basi halisubiri. Walipanda wengine ishirini na watatu, baadhi na unga hadi viwikoni. Kwenye uwanja wa barafu aliiweka mashine ya presha karibu na mlango wa choo cha wanaume, maana alijua mlango huo hakuna anayeukwepa.

Lakini huwezi kumweleza Sista Verna bila kueleza bahasha ya Delmer Aasen. Delmer ameniruhusu, tena ameniamuru niandike jina lake lote, nisimfiche kama mwizi.

Ilikuwa vuli, miaka minane iliyopita. Sista alikuwa amemwandama miaka mitatu kwa kile kipimo cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho, maana hiyo huweza kuwa dalili ya mapema ya saratani ya utumbo. Hatimaye Delmer akakubali, akatia sampuli yake kwenye bahasha ya zahanati. Kumbe wiki hiyohiyo alikuwa anatuma udongo wa shamba lake la ngano kwenye maabara ya kilimo, kama wakulima wetu wafanyavyo wakishavuna. Bahasha mbili zikalala kwenye meza moja ya jikoni. Sisi zahanati tukapokea udongo mzuri, mweusi. Maabara ya udongo ikampigia Delmer simu:

“Bwana Aasen, hiki ulichotuletea si udongo. Na kama ndivyo shamba lako lilivyo, tunakushauri usiongeze mbolea.”

Aliyeipeleka habari hiyo kwenye mgahawa wa kituo cha mafuta, wanaume wakiwa kwenye kahawa ya saa nne, ni mimi. Naandika kwa aibu. Kufikia mchana Delmer alikuwa anaitwa Mbolea. Akaacha kuja kwenye kahawa, na kifurushi kipya cha kipimo alichotumiwa na Sista kikarudi hakijafunguliwa.

Sista hakunifokea. Alinirushia ufunguo wa gari.

“Endesha, Lorne. Mlango umeufunga wewe, utaufungua wewe.”

Tulimkuta Delmer juu ya kombaini, ile mashine ya kuvunia, anamalizia zao lake la mafuta la kanola. Nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama kwenye mabua, naye akageukia usukani. Sista akapanda ngazi, akaketi kwenye kiti cha pembeni, wakazunguka shamba mara tatu. Maneno yao nilisimuliwa baadaye na Delmer mwenyewe.

“Sista, achana na mimi bwana. Siumwi popote.”

“Ndiyo maana nimekuja leo. Ungekuwa unaumwa, huenda ningekuwa nimechelewa.”

“Watanicheka tena.”

“Wacha wakucheke. Mimi nataka wakucheke mpaka ufike miaka themanini.”

Delmer akapima tena, na kipimo kikakuta damu. Hospitali ya mjini wakakuta uvimbe, saratani changa ambayo bado haijatoka kwenye ukuta wa utumbo, wakaukata ukaisha. Mwaka huu Delmer ametimiza sabini, na mwezi uliopita alipanda ngano yake mwenyewe. Mimi kila nikiliona trekta lake barabarani najivunia kufanya kazi na mwanamke huyu.

Baada ya hapo wale wale waliocheka walianza kuja, mmojammoja, kwa mlango wa nyuma. Sista aliwaandikia bahasha zao kwa kalamu nene: HUU SI UDONGO. Maneno hayo sasa tunayachapisha kwenye bahasha zetu zote.

Januari alitutangazia kwamba anataka kustaafu kasha likiwa halina kibanio hata kimoja. Wiki mbili zilizopita kilikuwa kimebaki kimoja, na ni changu. Mimi ninayewaendesha wenzangu kwenda kupimwa nina miaka hamsini na minne, na tangu nitimize hamsini, umri wa kuanza kipimo kile cha choo, nimekikwepa miaka minne mizima. Nilisingizia kazi. Ukweli ni kwamba niliyaogopa majibu, na niliuogopa ule mgahawa. Sista hakunisema mbele ya watu hata siku moja. Aliiweka tu kadi yangu mbele kabisa ya kasha.

Jumatatu Delmer alinikuta naosha gari la zahanati. Akaweka bahasha juu ya boneti.

“Haya, Lorne, zamu yako. Na ukizichanganya, mimi simwambii mtu.”

Sista Verna, kiti cha kubembea tulichokuchangia kinakusubiri ukumbini, pamoja na pai zaidi ya uwezo wetu. Asante kwa kutusumbua. Tunakuombea miaka mingi yenye afya, bustani isiyopigwa na baridi kali, na simu isiyolia kabla hujaamka.

Bahasha yangu niliipeleka jana asubuhi. Majibu yatatoka ukiwa umeshaondoka, kwa hiyo nitayaleta barazani kwako tuyafungue pamoja. Kibanio nimekitoa kwa mkono wangu, nacho kimebana nakala yako ya programu hii ya kukuaga. Kianikie nguo.