Kifua Kilichotibiwa kwa Kupitia Pajani

Bibi wa marehemu, Esteria, alipoombwa na familia aeleze historia hii alinung'unika sana, kwamba wajukuu waliofika vyuo wapo na mdomo wanao, lakini anabebeshwa yeye wa darasa la pili, basi amesimulia yeye na Klara, binti wa marehemu, ameandika, na yatasomwa yote, hata yasiyopendeza.

Marehemu Benjamini alizaliwa hapa Gare tarehe 14 Machi 1984, akalelewa na bibi huyo baada ya mama yake kufariki, akasoma shule ya msingi kuanzia 1992 hadi 1998, mwaka 2006 akaanza kuendesha lori la kabichi na karoti kwenda Mombo, na tarehe 21 Novemba 2009 akafunga ndoa na Sesilia, wakajaliwa watoto watatu, Klara, Amosi na Yustina.

Tarehe 6 Juni 2022 breki zilimkatalia kwenye kona za kushuka Mombo, lori likaparamia ukingo, usukani ukamgonga kifuani, na mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye moyo ukapasuka, akakimbizwa Dar es Salaam, ambako madaktari hawakumpasua kifua, walitoboa pajani tu, wakapitisha ndani ya mshipa bomba la kitambaa na waya, wakalifungua pale palipopasuka, likaziba. Bibi Esteria alimfungua shati, akakuta kifua hakina hata alama ya kisu, akamwambia daktari, "Kibovu ni kifua, wewe umeshona paja, mwanangu, unanionaje?" Daktari akamwonyesha bomba kwenye picha, naye bibi akayashika kichwani masharti aliyopewa marehemu, vidonge vya presha kila siku, na kurudi kupigwa picha kila mwaka.

Mwaka wa kwanza marehemu alirudi, mwaka huu hakurudi, na bibi akaanza kuwaangalia watu, akamshuku Sesilia kwamba anamzuia, alikosea, na anamwomba radhi mbele yenu. Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024 marehemu alishikwa na maumivu ya mgongo akiwa shambani, akapelekwa hospitali, presha ikakutwa juu mno, mshipa ulikuwa umechanika tena, chini ya lile bomba, akafariki kabla ya kusafirishwa.

Sesilia alipofungua sanduku kutafuta suti ya kumzikia, alikuta vidonge vya miezi saba havijaguswa, pamoja na chupa za dawa ya mizizi anazouza Hezekia, kaka wa marehemu, stendi ya Mombo. Kwenye kikao cha ukoo siku ya Alhamisi Hezekia alikana kwamba ndiye aliyemwachisha vidonge na kumpa mizizi, hadi chupa zilipowekwa mbele yake, ndipo akamgeukia bibi.

"Bibi, hata wewe ulisema hana kovu, hawakumtibu."

"Nilisema, kisha nikauliza. Wewe hukuuliza, ulimnywesha."

Familia inawashukuru madaktari waliompa miaka miwili na miezi minne ya kuwaona wanawe, majirani mliopika na kukesha, na madereva wenzake mliomleta nyumbani.

Hezekia ametozwa mbuzi, bibi akasema mbuzi ataliwa na kusahaulika, kwa hiyo jana Hezekia mwenyewe amemwaga chupa zake zote pale stendi, akiwaeleza wateja kwa kinywa chake kilichompata mdogo wake, na leo, ingawa ndiye mkubwa wa nyumba, hatatia udongo kaburini.

Pumzika, Benjamini, hakuna tena wa kukunywesha kitu.