Mwimbaji wa Brazil Aliyezaliwa Kinango

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Nawashukuru wazee wa kanisa kwa kunipa nafasi ya kusimama mbele yenu asubuhi hii. Mwanijua kama Yohana Mwero, dobi wa hapa Msambweni, mtu wa pasi na sabuni. Wachache sana wanajua kwamba kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja niliitwa Joao, nikawa mwimbaji kutoka Brazil. Brazil sijaikanyaga. Hata Tanga sijafika. Naomba mnivumilie, kwa maana haya sijapata kuyasema mbele ya watu.

Mimi ni Mduruma wa Kinango. Baba yangu ni mwinjilisti, amezunguka vijiji vya kwetu kwa miguu akifundisha watu kusoma na kuimba. Sauti yangu nimeitoa kwake. Nilipokuwa kijana nilikwenda Likoni kutafuta kazi, nikaipata katika duka la dobi, na kila nilipopiga pasi niliimba nyimbo za baba. Hapo ndipo aliponisikia Bwana Lobo. Alikuwa Mgoa wa Mombasa, mtu wa asili ya Goa kule India iliyotawaliwa na Wareno, mpiga gitaa, mwenye bendi ndogo, na alikuwa akileta mashati ya bendi yake kwetu.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa uhuru. Muziki wa Brazil ulikuwa umeanza kupendwa na wageni wa mahoteli, na Bwana Lobo alikuwa na santuri zake nyumbani.

"Yohana," aliniambia siku moja, "kuna hoteli Diani inataka mwimbaji wa Brazil. Huko Brazil wako watu weusi kama wewe, na wanaimba kwa Kireno. Mimi Kireno nakijua. Nitakufundisha maneno, wewe utaimba."

"Na wakiniuliza kwetu ni wapi?"

"Utatabasamu tu. Jina lako litakuwa Joao. Joao ni Yohana kwa Kireno, ni jina lako lile lile. Sasa uongo uko wapi?"

Ndugu zangu, nikakubali. Wala sitaki kumlaumu yeye peke yake. Bendera ilikuwa imeshabadilishwa, lakini katika hoteli ile mtu mweusi wa hapa alipitia mlango wa jikoni. Joao alipitia mlango wa mbele. Nami nilitaka kupita mlango wa mbele.

Meneja alikuwa mgeni, ametoka Ulaya karibuni, akaamini, akanipa na chumba cha kulala pale hotelini. Kila Jumamosi na Jumapili, saa ya chai, watu walicheza dansi barazani nami nikaimba. Walikuja kutoka Mombasa kunisikiliza. Picha yangu ilitundikwa ukutani pale mtu anapoingia. Mama mmoja wa Kizungu alikuwa akitokwa na machozi kila nikiimba wimbo fulani wa polepole, na mimi sikujua hata neno moja la wimbo ule maana yake nini.

Bwana Lobo alinipa masharti. Nisiseme Kiswahili mbele ya mtu yeyote. Nisikae na wafanyakazi wa hoteli. Na kama atatokea mgeni anayejua Kireno, nishike koo na kuonyesha kwa mkono kwamba sauti imechoka.

Masharti yale yalikuwa machache, lakini hofu yake ilijaza maisha yangu yote. Kila Ijumaa nilikuwa nikipita mahali pa mapokezi na kukichungulia kile kitabu cha wageni, nione wametoka nchi gani. Nikiona mtu ananitazama sana, nahamia upande wa pili wa baraza. Kabla ya kuimba nilikuwa nikitapika. Niliacha kwenda soko la Ukunda, maana huko ningekutana na mtu wa kwetu. Mzee wa jikoni alikuwa akipita mbele yangu nami nampita kimya, bila shikamoo, mtu wa umri wa baba yangu. Usoni natabasamu, ndani nimekauka.

Na sala iliniishia. Nilikuwa nikipiga magoti, kisha najiuliza: nani anaomba hapa? Nikaona aibu kujitaja jina mbele za Mungu. Nikaacha.

Nyumbani sikupeleka habari. Niliwaambia wenzangu wa Likoni kwamba nimepata kazi Diani na bendi, basi. Nilijua nikiandika barua nitaulizwa kazi gani.

Sasa nafika mahali panaponiuma. Jumamosi moja kabla ya dansi kuanza, nilikuwa nimesimama barazani pamoja na meneja, Bwana Lobo na wageni wawili. Nikasikia sauti nyuma yangu ikisema kwa Kiduruma: "Mwero, mwanangu."

Niligeuka. Alikuwa mama yangu, amesimama chini ya ngazi, miguu imejaa vumbi, ameshika kitambaa chake cha kichwa mkononi. Aliniulizia Likoni, wakamwelekeza Diani, akaenda hoteli moja baada ya nyingine mpaka akaiona picha yangu ukutani.

Meneja akauliza mama huyu ni nani. Bwana Lobo akanitazama. Wageni wakanitazama. Meneja akaniuliza mimi, kwa Kiingereza cha taratibu kama mtu anavyosema na mtoto: je, unamjua?

Nikatikisa kichwa. Simjui.

Ndugu zangu, mnazijua habari za Petro na yule kijakazi pale uani. Baba yangu amezihubiri mara nyingi, nami nilikuwa nikisikiliza huku nikimwona Petro mtu dhaifu. Petro alimkana Bwana kwa sababu aliogopa kifo. Mimi nilimkana mama yangu kwa sababu niliogopa kurudi kupiga pasi.

Mama alinitazama usoni. Kisha akamgeukia meneja, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka: "Niwie radhi, bwana. Nimemfananisha na mtu mwingine." Bwana Lobo akamtafsiria meneja, naye mama akageuka, akaenda zake. Nami nikaimba. Nakumbuka walinipigia makofi sana siku ile.

Wiki iliyofuata sikujua usingizi wala chakula. Kwa nini mama amekuja? Amelala wapi? Amefika nyumbani? Ni nani aliyekufa? Sikuwa na mtu wa kumwuliza, kwa sababu kuuliza ni kusema Kiswahili, na kusema Kiswahili ni kujifichua. Bwana Lobo aliniambia nitulie, atatafuta habari pole pole. Nilimwona hata yeye anaogopa.

Mlangoni pa nyuma palikuwa na mlinzi, Bakari, Mdigo wa Ukunda, mtu wa makamo na mcha Mungu katika dini yake. Wiki ile nilimwona mara tatu au nne ananijia kama mtu mwenye neno. Kila mara niligeuka nikaondoka upesi. Nilidhani amenitambua na anataka kuniumbua.

Jumamosi ikafika. Mchana, karani wa mapokezi alimwambia Bwana Lobo habari, kwa furaha tele. Amefika mgeni, bibi mmoja mjane aliyekuwa safarini kwa meli, mwenyeji wa Brazil. Alisikia Mombasa kwamba Diani yuko mwimbaji wa kwao. Amekuja makusudi, na ameomba meza ya mbele.

Bwana Lobo alinijia amebadilika rangi. "Sema una homa," akaniambia. "Lala kitandani."

"Na kesho?" nikamwuliza.

"Kesho una homa vilevile."

"Naye akija chumbani kunijulia hali?"

Nilikwenda chumbani, nikatia nguo zangu katika mkoba, nikatoka kwa nyuma. Nilikuwa nimeamua kukimbia, sijui wapi. Lunga Lunga, nivuke mpaka, popote ambapo hakuna anayenijua kwa jina lolote.

Bakari alisimama mlangoni, akaniwekea mkono kifuani.

"Yohana," akasema, "waenda wapi?"

Nikauweka mkoba chini. Ila mama, hakuna aliyekuwa ameniita jina langu kwa miezi mingi. Nikamwuliza, kwa Kiswahili, amenijuaje.

"Tangu siku ya kwanza," akasema. "Ulijikwaa kwa jiwe lile pale, ukamwita mamayo kwa Kiduruma. Mtu wa Brazil hamwiti mamake kwa Kiduruma. Nikasema, haya si yangu, ana sababu zake. Lakini wiki hii nimekufuata kila siku nawe wanikimbia. Mamako alilala kwangu Jumamosi ile, ndiye aliyenitajia jina lako. Singeweza kumwacha barabarani. Mke wangu alimwandalia, na asubuhi nikampandisha basi la Msambweni."

"Msambweni kuna nini?"

"Babako yuko hospitali. Watampasua tumbo Jumatatu hii. Anakuulizia. Mamako alinipa maneno haya nikupe ukiwa peke yako, ili usije ukaaibika."

Ili nisije nikaaibika. Ndugu zangu, wiki nzima habari za baba yangu zilikuwa zimesimama hatua kumi kutoka kwangu, nami nazikimbia.

Nilikaa kwenye benchi la Bakari nikalia. Akanipa maji ya kunywa, akaniacha. Na pale, mkoba miguuni, nikaomba kwa mara ya kwanza tangu nilipoacha kusali. Nilisema: "Mungu wangu, mimi ni Mwero wa Kinango. Nimemkana mama yangu. Nimechoka kuogopa. Nisaidie." Hiyo ndiyo sala yote. Sikuona mwanga wala kusikia sauti. Hofu pia haikuondoka yote, nawaambia ukweli. Lakini nilisimama, nikaona naweza kwenda kule nilikokuwa nakukimbia. Nilijua nikitoka kwa mlango ule bila kusema neno, nitaendelea kukimbia mpaka nife.

Nikarudi barazani. Watu walikuwa wameshakaa. Yule bibi wa Brazil alikuwa meza ya mbele, mzee, mwenye gauni jeusi, mikono ameikunja mapajani, ananitazama kama mtu anayengoja barua. Bwana Lobo aliponiona akaanza kupiga gitaa. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Naomba unitafsirie."

Nikasema kwa Kiswahili: "Mimi siitwi Joao. Jina langu ni Yohana Mwero, nimezaliwa Kinango. Brazil sijafika. Nimewadanganya. Na yule mama aliyefika hapa Jumamosi iliyopita ni mama yangu mzazi."

Nilidhani Bwana Lobo atainuka aondoke. Hakuondoka. Aliweka gitaa chini, akatafsiri neno kwa neno, kisha akaongeza lake mwenyewe: kwamba yeye ndiye aliyenifundisha. Kwa hilo namheshimu mpaka leo, na namwombea.

Watu wengine walicheka. Wengine walisukuma viti wakaenda zao. Yule bibi akainuka, akaja mpaka mbele yangu, akasema na Bwana Lobo kwa Kireno.

"Anasema alikuja kumsikia mtu wa kwao," Bwana Lobo akanieleza. "Anauliza, nyumbani kwenu mwaimba nini?"

Nikaimba wimbo mmoja wa baba, kwa Kiduruma, bila gitaa. Sauti ilikwaruza, nikakosea ubeti wa pili nikaurudia. Bibi yule alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama. Kisha akanishika mikono yangu yote miwili, akasema neno, nalo Bwana Lobo akalitafsiri kwa sauti ya chini: "Anasema nenda kwa mama yako."

Meneja hakunitukana. Aliniambia nichukue vitu vyangu niondoke siku ile ile. Nilipopita mahali pa mapokezi, picha ilikuwa imekwisha teremshwa.

Jioni nilifika Msambweni. Nilimkuta mama barazani pa wodi akisuuza sahani ya baba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nikapiga magoti palepale, mbele ya wagonjwa na wauguzi. "Mama, siku ile..."

"Siku ile nilikuona umeogopa," akasema. "Sijapata kukuona na uso ule tangu udogo wako. Nikafikiri watu wale watakudhuru wakijua u mwanangu. Ndiyo maana nikasema nimekufananisha."

Ndugu zangu, mimi nilimkana ili nijiokoe, naye akajikana ili aniokoe. Tangu siku ile, nikisikia mahubiri ya upendo wa Bwana wetu, sihitaji kufafanuliwa.

Baba alipasuliwa Jumatatu. Tulikaa nje, mama na mimi, tukaomba tangu asubuhi mpaka walipotuita. Alilala hospitali muda mrefu, na zilikuwako siku tulizodhani ametutoka. Lakini Bwana alimwinua. Leo yuko Kinango, anatembea kwa mkongojo, bado anafundisha. Mimi nilibaki hapa Msambweni kumwuguza, nikapata kazi ya udobi, na nyinyi mkanipokea. Kwa miezi mingi nilikuwa nikishtuka mtu akiniita barabarani. Sasa sishtuki tena.

Namshukuru Mungu kwa Bakari, ambaye si wa dini yetu, aliyemlaza mama yangu siku niliyomkana. Namshukuru kwa yule bibi ambaye hata jina lake sikulijua. Na wewe ndugu yangu, dada yangu, uliyeketi hapa ukiwa na jambo ambalo unaomba kila siku lisijulikane, nakusihi, mtumaini Bwana. Anakujua kwa jina lako la kwanza, na hajakukana. Njoo tuombe pamoja. Mimi nitasimama nawe, maana najua linavyotisha.

Wiki iliyopita nilikwenda Kinango kuomba ruhusa ya kuyasema haya. Nilijibiwa, "Sema. Nami nitakuja." Basi wazee wangu, kwa idhini yenu, kabla sijaketi: yule mama aliyekaa benchi la tatu karibu na dirisha, mwenye kitambaa cheupe, ni mama yangu. Mama, tafadhali simama uwasalimu watu.