Taa Iliyojiona Ikadhani ni Mchana

Mgeni wetu rasmi ambaye ndiye Mkuu wa Majengo, mwenyekiti wetu, majirani wa ghorofa zote, nanyi ndugu mliobanana humu pamoja na makopo yetu:

Karibu sana. Utuwie radhi kwa kiti hicho. Ndicho pekee ambacho hatujawahi kukifungua skrubu.

HISTORIA

Kikundi cha Fungua Uone kilianza miaka minne iliyopita, fundi saa mstaafu alipokutana ngazini na muuguzi, kila mmoja amekumbatia redio mbovu. Wakaazimana bisibisi. Leo tuko kumi na mmoja, na chumba hiki cha stoo ulitupatia wewe mwenyewe. Humu hatumtengenezei mtu kitu. Mwenye kitu hukifungua mwenyewe, sisi tunamshikia tochi, na kifuniko hakirudi mpaka achungulie na kuelewa.

MAFANIKIO

Tumeunda redio isiyohitaji betri wala umeme wa ukutani; nguvu inaipata kwenye mawimbi ya redio yenyewe. Tumeunda hadubini kwa simu na lenzi ndogo ya deki ya CD iliyokufa. Dereva mwenzetu alipoona mguu wa sisimizi alivua kofia. Tumeunda pia bomba la vioo la kuchungulia foleni ya maji uani bila kushuka ngazi. Bibi wa ghorofa ya tatu aliliazima kwa siku moja, na mpaka leo hataki kulirudisha.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, mficha maradhi kifo humuumbua. Barua yako inatutaka tuhame ifikapo mwisho wa mwezi, kwa kuwa taa ya korido ilionekana ikikonyeza, dalili ya hitilafu ya nyaya.

Taa ile ni yetu. Tuliipa jicho la kuhisi mwanga ili ijiwashe giza likiingia, kisha tukaliweka jicho likiitazama taa yenyewe. Giza likija, taa inawaka. Jicho linaona mwanga, linadhani kumekucha, linaizima. Giza linarudi, na mchezo unaanza upya. Fundi saa akasema, "Jamani, tumemweka mtu mbele ya kioo halafu tunashangaa anajipodoa!"

Tulicheka sana. Barua ilipofika, kicheko kikakatika, na tangu hapo tuna hofu. Taa hiyo inatumia betri tatu ndogo na haigusi waya wowote wa jengo. Jicho sasa limevishwa kola ya boksi lisiione taa, na taa imetulia wiki ya tatu hii. Kosa ni letu, hata karatasi ya maelezo hatukubandika.

MAOMBI

Tunaomba umlete fundi umeme wako akague kila waya; tutamshikia tochi. Akiridhika, utuachie chumba. Hakuna mwenzetu mwenye sebule ya kutosha watu kumi na mmoja na meza iliyojaa skrubu.

Mgeni rasmi, huenda unajiuliza msomaji wa risala hii anapitisha nini juu ya karatasi tangu alipoanza. Msomaji ni mshonaji. Macho yalimsaliti akaacha kushona, ikawa hata jina la dawa anasomewa na wajukuu. Alichoshika ni lenzi ya mashine ya fotokopi iliyotupwa na ofisi yako nyuma ya jengo, na mpini ni wa mwiko wake. Ameiunda mwenyewe, humu ndani. Risala yote hii ameisoma kwa macho yake.

Mungu akujalie afya, na nuru isiyokonyeza.

Ni sisi,
Wanakikundi wa Fungua Uone,
Chumba cha Stoo, kwa sasa.