Mtoto Niliyemrudisha Nyumbani

Bwana asifiwe, ingawa leo sitaki mnipigie makofi. Nilichobeba si cha makofi.

Mnanijua. Hapa Huruma, kukiwa na nyumba yenye vita mlikuwa mkiniita mimi. Naketi, chai inaletwa, baba anaongea, mama anaongea, naomba, tunashikana mikono, kesi imekwisha. Mtoto haulizwi. Ndivyo tulivyozoea, nami nilipenda kwa sababu nilionekana mtu.

Nilipomzika kifungua mimba wangu, mliniambia ni Mungu ananitia adabu. Nilimeza. Na nilichomeza ndicho nilichowalisha wengine.

Basi msichana wa miaka kumi na mmoja alikimbia kwao, akajificha kwa mama mboga wa ghorofa ya chini. Nilimshika mkono nikapanda naye ngazi hadi ghorofa ya tano, nikimwambia baba huchapa kwa sababu anapenda, hata Mungu hufanya hivyo. Baba yake alinishukuru, nami nikanywa chai yake.

Wiki hiyohiyo alimpiga hadi sikio la kushoto likafa.

Nilienda kumwona hospitalini. Hakulia. Aliniuliza tu, "Anti, si ni wewe ulinirudisha?"

Ndugu zangu, nawaambia, nilianguka. Mwaka mzima sikuomba. Nilisema hii nayo ni fimbo ya Mungu, na safari hii nimeistahili.

Yule mama mboga ndiye aliyepeleka habari kwa ofisi ya watoto, na msichana akahamia kwa nyanya yake, kule Njiru. Kisha mama mboga huyo akaja kunitoa nyumbani, tutembelee pamoja familia zenye vita. Nilikubali kwa aibu. Alinifunza jambo moja: nyamaza, na baba akifungua mlango, mwangalie mtoto. Kuna anayekaripiwa, analia, halafu baada ya muda anakuja kuegemea goti la huyohuyo aliyemkaripia. Na kuna anayeingia chini ya kitanda kabla hata hajaitwa. Wa kwanza anafunzwa. Huyu wa pili anaumizwa tu.

Hapo nilijiona. Miaka yote hiyo, Mungu akitajwa, mimi niko chini ya kitanda. Nani alinifunza kumwogopa hivyo? Si yeye, nadhani. Nasema nadhani, maana sitawadanganya nikiwa nimesimama hapa mbele. Siku nyingi nikiomba ni kama naongea na ukuta.

Namshukuru mama mboga, ameketi pale nyuma na hapendi kutajwa. Namshukuru nyanya anayenifungulia mlango ilhali angeweza kunifukuza. Nanyi nawasihi, mtu akifiwa msimwambie anatiwa adabu, ketini naye tu. Na mkiitwa kwenye nyumba yenye vita, mwulizeni mtoto kabla hamjagusa chai.

Kila Jumamosi naenda Njiru. Sijamwomba msichana anisamehe, na sijui kama nina haki hiyo. Huwa tunaambua maharagwe, naongea kidogo, yeye ananipa upande wa kushoto. Jumamosi iliyopita nilipoanza kuongea aligeuza kichwa, akaniwekea lile sikio zima.