Shuka za Tausi

Fundi cherehani aliyeketi nyuma ya abiria wawili kwenye basi alijifanya amesinzia, maana mazungumzo ya watu hayasikilizwi kwa macho makavu.

"Zimamoto wamenipa onyo," mwanamume alimwambia mama aliyeketi naye, ambaye hakumjua. "Jiko la kuchomea nyama liwe mbali na nyumba, na mtungi wa gesi ukae nje, kivulini. Mimi ni mtu wa sheria, mama. Vyote nimevihamishia ukutani kwa jirani wa nyuma."

"Na cheche zikiruka? Yeye hana nyumba?"

"Onyo lina jina langu, si lake. Hata sura simjui. Ila Mungu ambariki, huanika ukutani shuka zenye picha za tausi, basi mtungi wangu unashinda kivulini."

Mama akamgeukia. Fundi akafumbua jicho moja.

"Tausi wa kijani?" mama aliuliza.

"Hao hao. Ingawa siku hizi moshi umewatia weusi kidogo."

Basi likapunguza mwendo. Kumbe kituo chao kilikuwa kimoja.

"Shuka," mama alisema kwa upole.

"Shuka gani?"

"Wewe, baba. Zile nyingine utazifua tukifika."

Kituo cha fundi kilikuwa bado mbali, lakini naye alishuka.