Kokoo Noosotua, Aliyebaki Kisaju

Wasikilizaji wapendwa, leo nazungumza kwa shida. Kokoo Noosotua wa Kisaju ametutoka. Naam, Kokoo Noosotua, yule bibi wa Kimaasai wa shanga aliyesimamisha bodaboda kwa fimbo.

Aliolewa hapa Kajiado enzi za nyasi na ng'ombe. Kisha zikaja ploti. Jirani huyu akauza, yule akauza, wakahamia kusini na mifugo yao. Hata Meitamei, mwanawe wa pekee, aliuza akahama. Kokoo akabakia na ekari moja katikati ya kuta za watu asiowajua. Aliogopa jambo moja tu: kuzeeka bila jirani wa kumwita.

Basi akaanza kubisha mageti. Kwa Mama Awuor, mwalimu kutoka Siaya, akakuta mtoto mchanga. Kwa furaha akamtemea mate kichwani. Weee!

"Kokoo, mate? Kwa mtoto wangu?"

"Ni baraka, mama!"

"Baraka gani hii ya kuoshwa na sabuni?"

Geti likafungwa. Miaka miwili hawakusalimiana.

Ndipo Meitamei akaja na lori. "Yeyo, mama yangu, panda twende. Hapa huna mtu."

Kokoo hakubisha. Alikuwa ameshapakia vibuyu vyake vya maziwa Mama Awuor alipotoka mbio, amembeba mtoto wake wa pili.

"Nimewauliza walimu wenzangu Wamaasai shuleni," alisema. "Wameniambia niliosha nini siku ile. Nisamehe, Kokoo. Sasa ukienda, huyu atabarikiwa na nani? Tema upesi, kabla sijabadili mawazo!"

Kokoo alitema, akacheka, akalia. Vibuyu vikateremshwa. Tangu hapo, Wakamba, Wakikuyu, Waluo, wote walimpelekea watoto wao.

Juzi matangani, Meitamei aliniambia: "Nilikuja nikidhani nitamlilia mama peke yangu. Nikakuta boma limejaa watu. Kijana mmoja akanisimamisha langoni, akaniuliza, 'Samahani mzee, wewe ni nani wake?'"

Pole sana, Meitamei. Pole, Mama Awuor na wanao. Nanyi ni wafiwa. Mungu amlaze Kokoo pema.

Nawe unayenisikiliza nyuma ya geti lako, kaunti yetu inajaa kila kukicha. Jirani yako wa ukuta wa pili anaitwa nani? Kama hujui, zima redio. Sitakasirika. Nenda kapige hodi.